Dakika 240: Jinsi Kocha wa Timu Inayojengwa Upya Anavyogawa Muda wa Kucheza

Mchezo mmoja wa mpira wa kikapu katika ligi ya kulipwa ya Marekani, iitwayo kwa kifupi NBA, huchukua dakika 48. Kwa kuwa kila timu huwa na wachezaji watano uwanjani, kocha ana dakika 48 mara 5, yaani dakika 240, za kugawa katika kila mchezo. Wachezaji wanaozingojea dakika hizo huweza kufikia 15. Hesabu yenyewe ni nyepesi, lakini ugawaji wake ni mgumu, kwa sababu dakika anayopewa mmoja ni dakika anayonyimwa mwingine.

Kwa timu inayowania ubingwa, kanuni ya ugawaji iko wazi: aliye bora kuliko wenzake acheze zaidi, ila asichoshwe kupita kiasi. Hata hapo iko hekima. Timu ya San Antonio Spurs ilipotwaa ubingwa mwaka 2014, hakuna mchezaji wake hata mmoja aliyekuwa na wastani wa dakika 30 kwa mchezo katika msimu wa kawaida. Kocha Gregg Popovich aliona ni heri kuzitawanya dakika ili miguu ya wazee wa timu ibaki na nguvu hadi fainali.

Timu inayojengwa upya ina tatizo la aina nyingine. Hii ni timu ambayo imekwisha kuachana na nyota wake, imejaza vijana ambao uwezo wao haujulikani, na inatarajia kushinda baada ya miaka kadhaa, wala si mwaka huu. Kocha wa timu kama hiyo hajui nani aliye bora. Njia pekee ya kumjua ni kumchezesha. Kwa hiyo dakika zile zile 240 zinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ni malipo ya anayestahili, na pia ni chombo cha kupimia nani anayestahili. Anayekaa benchi hatoi ushahidi wowote, wa kumtetea wala wa kumshitaki. Humo ndimo ugumu wote ulimo.

Mfano wa Philadelphia

Mfano unaofahamika sana ni ule wa timu ya Philadelphia 76ers kuanzia mwaka 2013. Mwaka huo timu ilimwajiri Sam Hinkie kuwa meneja mkuu, na Brett Brown, ambaye alikuwa msaidizi wa Popovich huko San Antonio, akawa kocha. Wachezaji mashuhuri waliuzwa au kubadilishwa kwa haki za kuchagua vijana katika miaka ijayo. Matokeo ya uwanjani yalikuwa machungu: msimu wa 2013-14 timu ilishinda michezo 19 kati ya 82, msimu uliofuata 18, na msimu wa 2015-16 ikashinda 10 tu. Katika msimu wa kwanza ilipoteza michezo 26 mfululizo.

Yafaa kueleza kwa nini kushindwa kulikuwa na faida. Katika NBA, vijana wapya hugawiwa timu kwa utaratibu wa kuchagua kwa zamu, na zamu za kwanza hupangwa kwa bahati nasibu inayozipendelea timu dhaifu. Wakati huo timu iliyoshika mkia ilikuwa na uwezekano wa asilimia 25 kupata zamu ya kwanza kabisa. Kuanzia mwaka 2019 ligi ilibadili kanuni, na timu tatu za mwisho zikapewa asilimia 14 kila moja, ili kupunguza tamaa ya kushika mkia. Lakini kocha na wachezaji hawaingii uwanjani ili washindwe. Udhaifu wa timu hupangwa ofisini na wanaosajili. Kocha hukabidhiwa vijana na kuambiwa awachezeshe na awapime.

Mitupo mingapi inatosha?

Tuchukue jambo moja linalohesabika kwa urahisi, yaani mtupo wa mbali wenye thamani ya pointi tatu. Tuseme kocha ana vijana wawili. Wa kwanza, kwa uwezo wake wa kweli, huingiza asilimia 38 ya mitupo hiyo. Wa pili asilimia 32. Katika mchezo wa kulipwa tofauti hiyo ni kubwa mno: wa kwanza ni mtupaji wa kutegemewa, wa pili wapinzani humwacha peke yake bila hofu. Kocha hazijui asilimia hizo za kweli. Anachokiona ni mitupo iliyoingia na iliyokosa.

Takwimu zinatufundisha kwamba, ikiwa uwezekano wa kuingia ni p na mitupo ni n, basi asilimia inayoonekana huyumba kuzunguka ile ya kweli kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha p(1 - p)/n. Kwa p iliyo 0.35 na mitupo 100, jibu ni karibu 0.048. Maana yake ni kwamba mtupaji wa asilimia 35 anaweza kuonekana ana 30 au 40 bila ajabu yoyote. Tukiwalinganisha vijana wetu wawili baada ya kila mmoja kutupa mara 100, uwezekano wa yule dhaifu kuonekana ndiye bora ni karibu asilimia 19, yaani takriban mara moja katika tano. Wakitupa mara 400 kila mmoja, uwezekano huo hushuka na kuwa chini ya asilimia 4.

Sasa tuigeuze mitupo iwe dakika. Mchezaji anayetupa mtupo mmoja wa mbali katika kila dakika 9 anahitaji dakika 900 ili afikishe mitupo 100. Akipewa dakika 30 kwa mchezo, atazimaliza kwa michezo 30. Akipewa dakika 10, atahitaji michezo 90, na msimu mzima una michezo 82 tu. Kumpa kijana dakika kumi kumi kwa kisingizio cha kumpima ni sawa na kumwambia mpishi auonje mchuzi kwa ncha ya sindano. Mitupo 400 nayo inataka dakika 3,600, ambazo hata mchezaji wa dakika 30 hawezi kuzipata katika msimu mmoja.

Kisa cha Robert Covington kinaonyesha jambo hili vizuri. Hakuna timu iliyomchagua mwaka 2013, na Houston walimwacha mwezi Oktoba 2014; Philadelphia wakamwokota mwezi uliofuata. Mwanzoni mwa msimu wa 2016-17 mitupo yake ilimkataa kabisa, hata watazamaji wa nyumbani wakamzomea. Brown hakumwondoa katika kikosi cha kwanza. Msimu huo aliumaliza kwa takriban asilimia 33 ya mitupo ya mbali, na uliofuata kwa takriban 37. Kwa mitupo mia kadhaa kila msimu, tofauti ya asilimia nne inaweza kabisa kuwa kazi ya bahati, na huenda uwezo wake haukubadilika hata kidogo. Kocha aliyefuata sauti za watazamaji angekuwa amefuata bahati. Aidha, Covington alikuwa na sifa isiyoonekana katika hesabu ya pointi: ulinzi. Mwaka 2018 alichaguliwa katika kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi.

Hesabu zinazodanganya

Kinyume chake, mchezaji anaweza kuonekana bora kuliko alivyo. Michael Carter-Williams, kijana wa Philadelphia, alitajwa kuwa mchezaji bora mpya wa msimu wa 2013-14, akiwa na wastani wa pointi 16.7 kwa mchezo. Lakini timu yake ilikuwa ikicheza kwa kasi kuliko nyingine zote katika ligi. Kasi ikiongezeka, nafasi za kushambulia huongezeka, na pointi huongezeka kwa timu zote mbili. Tena, hata timu dhaifu kiasi gani haikosi kufunga pointi, na lazima awepo wa kuzifunga. Kwa hiyo pointi kwa mchezo ni kipimo kisicho haki. Bora zaidi ni pointi kwa kila mashambulizi mia. Hinkie alimbadilisha kijana huyo mwezi Februari 2015, jambo lililowashangaza wengi, na baadaye Carter-Williams hakuifikia tena sifa ya mwaka wake wa kwanza.

Makocha hutumia pia kipimo kingine: timu ilizidi au ilizidiwa kwa pointi ngapi wakati mchezaji fulani yumo uwanjani. Kipimo hiki hukusanya kila kitu, ulinzi na pasi pia, lakini kina kasoro kubwa. Mchezaji hachezi peke yake. Tuseme A na B huingia na kutoka pamoja daima, na timu huzidi kwa pointi 5 wanapokuwepo. Tunapata mlinganyo mmoja, A + B = 5, wenye vitu viwili visivyojulikana. Hautatuliki. Yawezekana A ana 9 na B ana -4. Yawezekana ni kinyume chake. Kocha akiwachanganya na C kwa makusudi, na akapata A + B = 5, B + C = -1, na A + C = 2, basi mwanafunzi wa sekondari atapata majibu yake: A ni 4, B ni 1, na C ni -2. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanahisabati nchini Marekani wamekuwa wakitatua milinganyo ya namna hii kwa mamia ya wachezaji kwa pamoja, kwa msaada wa kompyuta. Mbinu ni nzuri, lakini haiwezi kuwatenganisha wawili ambao kocha hakuwatenganisha. Watazamaji wakishangaa kwa nini timu changa hubadilisha vikosi kila wiki, mara nyingine sababu ni hii.

Dakika za mwisho za mchezo uliokwisha kuamuliwa ni ushahidi hafifu. Timu ikiwa imezidiwa kwa pointi 30, wapinzani huweka akiba yao uwanjani na hawalindi kwa bidii. Kocha mwangalifu humpa kijana dakika chache katika robo ya pili, mchezo ukiwa bado mgumu, badala ya nyingi pale ambapo hakuna anayejali.

Kujaribu au kutumia unachokijua?

Swali la kocha ni la zamani katika hisabati. Mwaka 1933 William R. Thompson aliandika juu ya daktari mwenye dawa mbili asiyejua ipi ni bora: kila mgonjwa anayepewa dawa ya kujaribiwa huongeza ujuzi, lakini huenda akawa amenyimwa dawa nzuri zaidi. Mwaka 1952 Herbert Robbins aliliweka swali hilo katika umbo la jumla, na katika miaka ya 1970 John Gittins wa Uingereza akapata njia ya kulitatua kwa ukamilifu katika hali fulani. Fundisho kuu ni kwamba thamani ya kujaribu hutegemea muda uliobaki wa kutumia kile utakachokigundua.

Tuangalie mfano wa kubuni. Mzee wa timu ana thamani ya 50 kwa mwaka, na jambo hilo linajulikana. Kijana ana uwezekano wa robo kuwa mchezaji wa 70, na wa robo tatu kuwa wa 40. Wastani wake ni 47.5, chini ya mzee. Ukiwa umebaki mwaka mmoja tu, acheze mzee. Iwapo imebaki miaka minne, tumchezeshe kijana mwaka wa kwanza kisha tuchague. Mwaka huo tunapata 47.5. Baadaye, kwa uwezekano wa robo tunabaki na 70, na kwa robo tatu tunamrudia mzee wa 50. Wastani ni 55 kwa mwaka. Jumla ya miaka minne ni 47.5 + 165, yaani 212.5, kumbe mzee peke yake angetoa 200. Kijana aliye dhaifu kwa wastani ndiye chaguo bora, kwa sababu kosa linaweza kurekebishwa na bahati njema inaweza kushikwa.

Hapa panazuka jambo linalosahauliwa sana. Miaka minne hiyo ni ya nani? Ni ya timu. Kocha mwenye mkataba unaokaribia kwisha hana miaka minne. Ana michezo michache tu ya kuokoa kazi yake, naye kwa akili timamu atawachezesha wazee. Wenye timu wakitaka kocha avumilie makosa ya vijana, hawana budi kumpa muda wa kuvuna. Mwezi Desemba 2015, Philadelphia ikiwa imeshinda mchezo mmoja tu tangu msimu uanze, Brown aliongezewa mkataba. Wapo waliocheka. Kwa hisabati tuliyoiona, uamuzi huo haukuwa wa kuchekesha.

Wachezaji si dawa

Hata hivyo mfano wa dawa una mpaka. Dawa haibadiliki kwa kutumiwa; mchezaji hubadilika. Hujifunza, huchoka, huvunjika moyo, huumia.

Kujifunza kunahitaji mazingira. Vijana watano wasiojua waende wapi huzuiana njia, na hapo hakuna apimikaye sawasawa: mrefu wa chini ya kikapu hawezi kuonyesha kazi yake ikiwa hakuna wa kumpa pasi kwa wakati. Philadelphia walilijua hilo kwa gharama kubwa. Msimu wa 2015-16 ulianza kwa ushindi 1 na vipigo 30. Mwishoni mwa Desemba walimrudisha Ish Smith, kiongozi wa mashambulizi mwenye uzoefu, asiye nyota. Tangu hapo walishinda 9 na kupoteza 42. Bado ni timu dhaifu, lakini si ile ya awali. Kwa hiyo dakika anazopewa mzee katika timu changa huenda zikawa ndizo zinazowafanya vijana waonekane walivyo, na wanaodai kwamba wazee wote wakae benchi wamekosea.

Mioyo nayo ina hesabu yake. Msimu wa 2016-17 Brown alikuwa na warefu watatu waliochaguliwa katika zamu za juu: Nerlens Noel, Joel Embiid na Jahlil Okafor. Nafasi yao uwanjani ni moja, yaani dakika 48. Okafor alikuwa na wastani wa pointi 17.5 katika mwaka wake wa kwanza, Noel alikuwa hodari wa ulinzi, na kila mmoja alijua kwamba mshahara wake wa baadaye utategemea dakika za mwaka ule. Kijana anayechaguliwa katika duru ya kwanza huwa na mkataba wa miaka minne. Akikalia benchi miwili, nusu ya nafasi yake ya kujionyesha imekwenda. Noel alinung'unika hadharani, na mwezi Februari 2017 alipelekwa Dallas. Okafor aliondoka Desemba mwaka huo. Upimaji wa mmoja ulikuwa umelipiwa na wengine wawili.

Wa tatu ndiye aliyebaki. Embiid ni mzaliwa wa Yaoundé, Kamerun, na alianza mpira wa kikapu akiwa na umri wa karibu miaka 15 tu. Alichaguliwa wa tatu mwaka 2014 akiwa amevunjika mfupa mdogo wa katikati ya wayo, unaoitwa navikula, na hakucheza kwa misimu miwili. Sehemu ya kati ya mfupa huo hupata damu kidogo, na kwa sababu hiyo hupona polepole. Kila mchezaji anaporuka na kutua, mifupa hupata nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mwili huziziba wakati wa mapumziko, na mfupa huimarika. Uzito ukirudiwa haraka kuliko ukarabati, nyufa huungana. Ndiyo maana Embiid alipoanza kucheza mwaka 2016, aliyeamua ukomo wa dakika zake alikuwa daktari, wala si kocha. Ukomo ulipanda kidogo kidogo hadi dakika 28. Mara kwa mara Brown alilazimika kumtoa nyota wake mchezo ukiwa mkali.

Kwa wastani wa dakika 25.4 Embiid alifunga pointi 20.2 kwa mchezo. Timu ilishinda 13 kati ya michezo 31 aliyocheza, na 15 tu kati ya 51 aliyoikosa. Pamoja na tahadhari zote, msimu wake uliishia katika mchezo wa 31 kwa jeraha la goti. Ukomo wa dakika hupunguza hatari, hauiondoi.

Mwaka 2017-18 Philadelphia ilishinda michezo 52. Hinkie hakuwepo tena, kwani alijiuzulu Aprili 2016. Embiid akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023. Lakini timu haikuvuka raundi ya pili ya mtoano, si mwaka 2018 wala 2019, na Brown aliondolewa mwaka 2020. Je, njia ile ilifaa? Wanaoisifu na wanaoilaani wote wana sampuli moja tu mikononi, nasi tumeona sampuli ndogo inavyoyumba.

Zoezi kwa wanafunzi

Kwa kanuni za kimataifa, zinazofuatwa pia katika mashindano mengi ya shule, mchezo ni dakika 40. Basi kocha ana dakika 200. Tuseme timu ya shule ina wachezaji 10 na michezo 12. Kocha huwapa watano wa kwanza dakika 32 kila mmoja, na watano wa akiba dakika 8. Mchezaji wa akiba hutupa mara moja kwa kila dakika 4, na uwezo wake wa kweli ni asilimia 40. Kwa michezo yote 12 atapata dakika 96 na mitupo 24, na asilimia yake itayumba kwa 10 juu au chini. Wanafunzi wakokotoe kuyumba huko iwapo wa kwanza watapewa dakika 24 na wa akiba dakika 16. Kisha watafute ni michezo mingapi inayohitajika, kwa mgao huo wa pili, ili kuyumba kushuke hadi asilimia 5, na wajadiliane kama muhula mmoja una michezo ya kutosha.